NGUZO ZA KUCHAJIA ZIWE ZA WOTE



Siku hizi kila tukifungua redio twasikia habari za motokaa za stima, mabasi ya stima na pikipiki za stima. Twaambiwa kwamba petroli inaondoka na stima inaingia, na kwamba Kenya haitaki kubaki nyuma. Sisi wafanya kazi wa barabarani hatuna ugomvi na jambo hilo. Lakini tuna swali moja, na katika toleo hili twataka kuliuliza wazi wazi. Nguzo ya kuchajia, yaani mahali pale gari au pikipiki inapotiwa stima, itasimama wapi, na itakuwa ya nani?

Swali hili si dogo. Mwenye gari la petroli akiishiwa njiani, aenda kituo chochote, alipa, na aendelea na safari. Hakuna kituo kinachomwuliza gari lake lilitengenezwa na nani. Mwenye pikipiki ya stima hana raha hiyo bado. Kama nguzo hakuna, au kama nguzo ipo lakini haikubali betri yake, kazi yake ya siku hiyo imekwisha, na jioni watoto hawajui kama kosa ni la stima au la petroli.

Kwanza tueleze mambo yalivyo. Mwaka 2020 Serikali iliandika katika mpango wake wa kuhifadhi nishati kwamba ifikapo 2025, magari 5 katika kila 100 yanayoandikishwa upya yawe ya stima. Mwaka 2022 kampuni ya BasiGo ilianza kupeleka mabasi ya stima katika njia za Nairobi. Kampuni ya Ampersand, ambayo ilianza Rwanda mwaka 2019, nayo ilikuja Kenya, na Roam na Spiro zinauza au kukodisha pikipiki za namna hiyo. Mwezi wa Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za stima huko Mombasa. Mwaka huo huo EPRA, ndiyo halmashauri ya nishati, iliweka bei ya peke yake kwa stima ya kuchajia: Sh. 16 kwa uniti mchana, na Sh. 8 kwa uniti katika saa ambazo watu wengi wamelala, yaani tangu saa 4 za usiku mpaka saa 12 za asubuhi siku za kazi.

Tufanye hesabu, kwa maana mfanya kazi asiyejua hesabu huhesabiwa na wengine. Betri ya pikipiki ya kawaida hushika kama uniti 3, na katika njia nzuri humpeleka mtu kilometa 70 au 80. Kwa bei ile ya 2023, uniti 3 za mchana ni Sh. 48, na za usiku ni Sh. 24, kabla ya kodi na nyongeza nyingine. Mwendo huo huo kwa petroli hula lita moja na nusu hadi mbili. Mwezi wa Oktoba 2023 petroli ilifika Sh. 217.36 kwa lita mjini Nairobi. Kila mmoja atazame mwenyewe. Tofauti ile ni karo ya mtoto, ni unga wa nyumba, ni deni la pikipiki kulipwa mapema.

Lakini yule dereva wa bodaboda hanunui stima kwa bei ya EPRA. Anunua kwa bei ya yule mwenye kituo. Ndani ya bei hiyo kuna stima, kuna kodi ya betri, kuna mshahara wa mtu wa kituo, kuna faida ya tajiri. Hatusemi kwamba faida ni dhambi. Twasema kwamba kila kimoja kiandikwe mlangoni, ili tujue tunalipa nini kwa nini. Nafuu ikiishia yote mfukoni mwa mwenye kituo, basi dereva amebadilisha bwana tu. Mzigo ni ule ule.

Sasa tuje katika jambo la kando ya barabara. Mtu mwenye nyumba yake na ua wake hana shida. Aingiza motokaa, achomeka waya ukutani, alala, asubuhi gari limeshiba. Lakini wafanya kazi wenzetu walioko Nairobi, kule Kayole, Pipeline na Umoja, wanakaa orofa ya nne na ya tano. Pikipiki yalala chini, motokaa yalala kando ya njia. Wengine hubeba betri mabegani hadi chumbani, wakaichaji usiku karibu na godoro na jiko.

Hilo ni jambo la hatari. Tarehe 23 Februari 2024, katika mji wa Nanjing, China, moto uliwaka katika nyumba kubwa ya kupanga, ukaanzia mahali pa chini palipowekwa pikipiki za stima. Watu 15 walikufa. China imetumia vyombo hivi kwa miaka mingi kuliko sisi, na mji wake wa Shenzhen ulikuwa umebadilisha mabasi yake yote kuwa ya stima kufikia mwisho wa mwaka 2017. Kama wao wamepata msiba huo, sisi tunaoishi kwa kubanana katika vyumba vya mabati na orofa zisizo na ngazi ya pili tujihadhari mapema. Betri zichajiwe nje, mahali penye hewa, penye waya uliofungwa na fundi mwenye cheti, penye mtu wa kulinda. Mahali hapo ni kando ya barabara na katika steji zetu.

Wenzetu wa mbali wamekwisha kuanza. London, ambako nyumba nyingi hazina ua wa kuweka gari, halmashauri za mitaa zimetia soketi katika nguzo za taa za barabarani. Mwenye gari asimama pale pale mlangoni pake, achomeka, alipa. Hawakungoja kila mtu ajenge banda la gari. Walitazama kitu kilichoko tayari barabarani, nacho ni nguzo ya taa, wakakipa kazi ya pili. Miji yetu nayo ina nguzo za taa. Si zote zafaa, maana waya nyingine ni nyembamba na nyingine zimechakaa, lakini mafundi wa stima waweza kutuambia ni zipi zafaa na zipi hazifai. Waulizwe.

Huenda baadhi ya wanachama watasema, "Hayo ni mambo ya Nairobi. Sisi wa Mwala yatuhusu nini?" Ndugu, yatuhusu sana.

Kwanza, watoto wetu ndio wanaoendesha bodaboda na matatu za Nairobi. Kijana wa Mwala aliyechukua pikipiki ya stima ya kampuni fulani hawezi kuipanda kuja nyumbani wakati wa Krismasi, kwa sababu mtandao wa vituo vya kampuni hiyo ukiisha, na mwendo wake umeisha. Chombo ambacho ni nusu ya maisha yake kina mpaka ambao yeye hakuuchora.

Pili, hapa kwetu bodaboda ndiyo gari la wagonjwa, gari la mbolea na gari la wanafunzi. Mtu atokaye Mwala kwenda Masii, au Mbiuni, au Muthetheni, au Kibauni, hangoji basi. Safari ya kwenda Machakos mjini na kurudi yaweza kuimaliza betri moja nzima, hasa ikiwa kuna abiria na gunia na kilima. Basi bila nguzo Machakos, na bila nguzo Mwala, dereva wetu atabaki katika petroli, hata kama stima ni rahisi mara tano. Walio mijini watapata nafuu, na walio vijijini watalipa bei ya zamani. Nasi twajua bei ya petroli ikipanda, nauli yapanda, na mama wa sokoni ndiye anayeimaliza hesabu hiyo.

Matajiri wengine husema kwamba miji midogo haina wateja wa kutosha, na kwamba nguzo ya Mwala italala bure. Maneno haya yana ukweli kidogo, lakini yamegeuzwa kichwa chini. Mteja hanunui chombo asichoweza kukitia stima. Hakuna mtu aliyenunua simu ya mkono kabla mnara haujajengwa. Tena mzigo wenyewe si mkubwa kama watu wanavyodhani. Pikipiki kumi zikichajiwa pole pole kwa pamoja hazivuti stima kupita sana ile mashine moja ya kusagia posho. Soko lenye mashine ya posho laweza kuwa na nguzo ya kuchajia, mradi Kenya Power ikague transfoma kwanza.

Wengine husema stima yetu haitegemeki. Hapo hatutaki kudanganyana. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote iliingia gizani usiku, na sehemu nyingine zilikaa hivyo saa nyingi. Dereva wa stima siku kama hiyo hana kazi. Kwa sababu hiyo twataka vituo vya sokoni viwe na betri za akiba zilizokwisha kuchajiwa, na mahali panapofaa viwekewe sahani za jua. Ukambani jua si jambo la kuagiza kutoka ng'ambo.

Sasa twafika kwenye jambo kubwa zaidi, nalo ni kufuli.

Pikipiki nyingi za stima zinauzwa bila betri. Betri ni mali ya kampuni. Dereva akimaliza stima, aenda kituo cha kampuni ile ile, atoa betri tupu, apewa iliyojaa, alipa. Ni jambo zuri kwa upande mmoja, kwa sababu betri ni ghali, na kubadilisha ni kazi ya dakika chache. Lakini betri ya kampuni hii haiingii katika pikipiki ya kampuni ile. Na pikipiki nyingine zina chombo ndani yake ambacho kwacho kampuni yaweza kuifunga ikiwa mbali, dereva akichelewa malipo. Basi mtu mmoja ndiye anayekukopesha pikipiki, ndiye anayekuuzia stima, ndiye anayepanga bei yake, na ndiye mwenye ufunguo. Wazee wetu waliofanya kazi mashambani wanalifahamu duka la shambani, ambapo mtu alikopa unga kwa tajiri yule yule aliyemlipa mshahara, na mwisho wa mwezi mshahara ukarudi ulikotoka. Hatutaki duka la shambani lirudi likiwa na magurudumu mawili.

Makampuni yajibu kwamba betri ni mtaji wao, na wakiifungua kwa kila mtu itaibiwa au kuharibiwa. Tumelisikia jambo hilo, na twalikubali kwa kadiri yake. Mali ilindwe. Lakini kulinda mali si sawa na kumfunga mteja. Tukumbuke habari ya M-Pesa. Ilianza mwaka 2007. Kwa miaka mingi wakala wa Safaricom hakuruhusiwa kufanya kazi ya kampuni nyingine, na ilikuwa mwaka 2014 ndipo, baada ya halmashauri ya ushindani wa biashara kuingilia, mlango huo ukafunguliwa. Kutuma fedha moja kwa moja kutoka simu ya kampuni moja kwenda mfuko wa kampuni nyingine kulianza mwaka 2018. Miaka 11 ilipita, na kampuni ile haikufa. Bado ni kubwa. Kwa nini tungoje miaka 11 mingine kwa ajili ya betri? Ni rahisi kukubaliana juu ya soketi moja leo, wakati nguzo ni chache, kuliko kung'oa maelfu baadaye.

Hatuwezi kusahau wenzetu ambao kazi zao ziko hatarini. Mtu wa pampu katika kituo cha petroli, na fundi wa pikipiki aliye chini ya mti pale sokoni, wote wanatazama jambo hili kwa wasiwasi, na wasiwasi wao una haki. Mota ya stima haina plagi za kubadilisha, haina oili ya injini, haina kabureta. Kazi ya fundi itapungua kwa namna moja na kuongezeka kwa namna nyingine: waya, mota, betri, breki, tairi. Lakini hakuna atakayeijua kazi mpya asipofundishwa. Kila tajiri hutakiwa kulipa ushuru wa mafunzo, Sh. 50 kwa kila mfanya kazi kila mwezi, kwa NITA. Fedha hiyo ni ya kuwafundisha wafanya kazi. Basi ifundishe mafundi wa Masii na Wamunyu kazi ya stima, na vyeti vitolewe, ili nguzo zikija kazi isichukuliwe yote na watu wa kuletwa.

Na wale vijana wanaoajiriwa kubadilisha betri vituoni, wengine usiku kucha, wasiitwe vibarua milele. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia jumla ya mwezi mmoja ana haki ya kuhesabiwa kama mwenye mkataba wa kazi. Vijana hao wabeba betri nzito kutwa, wagusa stima, wakaa na fedha za watu. Kazi mpya isije na desturi mbaya za zamani.

Je, nani wa kuambiwa haya? Watu wengi hudhani kwamba ni Nairobi tu. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho ya magari na usafiri wa watu wote, na hata usambazaji wa stima. Kwa hiyo mahali pa nguzo katika soko la Mwala ni jambo la Machakos, na Machakos si mbali. Jimbo la Mwala lina wadi 6: Mbiuni, Makutano/Mwala, Masii, Muthetheni, Wamunyu na Kibauni. Kila wadi ina mjumbe wake katika Bunge la Kaunti. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa katika Bunge hilo kabla ya tarehe 1 Septemba, na sheria yataka wananchi waulizwe. Mara nyingi huulizwa siku ya kazi saa za asubuhi, nasi tuko barabarani. Asiyekuwako na lake haliko. Nguzo itawekwa mbele ya hoteli ya mkubwa, nasi tutapita tukiitazama.

Kwa hiyo twatoa madai haya, na twawaomba wanachama wayajadili katika mikutano yao:

1. Kila mji wenye steji ya bodaboda au ya matatu uwe na mahali pa kuchajia palipo wazi kwa watu wote, kando ya barabara au katika steji yenyewe. Isiwe Nairobi na Mombasa tu.

2. Soketi na betri za pikipiki zifuate kipimo kimoja cha Kenya, ili dereva aweze kuchaji au kubadilisha popote.

3. Bei iandikwe mlangoni kwa herufi kubwa: stima kiasi gani, kodi ya betri kiasi gani. Bei nafuu ya usiku imfikie dereva, isiishie kwa mwenye kituo.

4. Kampuni isifunge pikipiki kwa mbali bila kumpa dereva taarifa na muda wa kujieleza, na kamwe isiifunge ikiwa na abiria au mgonjwa.

5. Kila kituo kiwe na taa, kivuli, choo na kizima-moto. Mtu anayengoja stima naye ni mtu.

6. Mafundi na watu wa pampu wafundishwe kwanza, kabla kazi zao hazijaondoka.

7. Halmashauri yoyote ya kupanga mahali pa nguzo iwe na wajumbe wa madereva, wa makondakta na wa mafundi wa stima, waliochaguliwa na wenzao.

Madai bila hesabu ni kelele. Kwa hiyo twaomba kila steji katika wadi zote 6 ifanye kazi hii kabla ya mkutano ujao wa tawi. Hesabuni pikipiki na magari yanayolala mjini kwenu na yanayopita. Andikeni ni wapi madereva hupumzika mchana, na kwa muda gani. Andikeni kila mmoja hutumia shilingi ngapi za petroli kwa siku. Tazameni nguzo ya stima iliyo karibu na steji, na kama kuna transfoma. Leteni karatasi hizo kwa katibu wa tawi. Tukienda Machakos na karatasi za steji zote, hakuna atakayetuambia kwamba Mwala haina wateja.

Barabara tumeijenga kwa kodi zetu na jasho letu. Kando yake pia ni petu. Nguzo ya kwanza haijasimama bado katika steji yetu, na huu ndio wakati mzuri wa kusema isimame wapi. Njooni mkutanoni, na kila mmoja aje na mwenzake ambaye bado hajaingia katika Chama.

UMOJA NI NGUVU.